Mnyama mwenye ukucha wa mundu, na deni ninalodaiwa

Leo sikuletei habari za bei ya unga, wala za siasa, wala za mpira. Leo nimekuja kulipa deni.

Miezi michache iliyopita nilizungumza hapa hapa juu ya sinema zilizotutia hofu utotoni. Nikaitaja ile ya mwaka 1993 ya Mmarekani Steven Spielberg, iitwayo Jurassic Park. Mimi niliiona katika banda la video, nimebanwa kwenye benchi na watoto wenzangu, kila mmoja amelipa visenti vyake mlangoni. Nikawaeleza wasikilizaji juu ya wale wanyama waliowasaka watoto wawili jikoni, wale waitwao Velociraptor. Nikasema, kwa ile sauti ya kujiamini tuliyofundishwa chuoni, kwamba mnyama huyo alikuwa na kimo cha mtu mzima, kwamba ngozi yake ilikuwa ya magamba kama ya kenge, na kwamba ukucha wake mmoja mkubwa wa mguuni ulikuwa kisu cha kupasulia matumbo.

Siku tatu baadaye nikapigiwa simu. Alikuwa mzazi mmoja, mtu mzima, mstaarabu wa maneno. Akasema: "Ndugu mtangazaji, binti yangu yuko kidato cha pili. Darasani alisema mnyama yule alikuwa na manyoya kama ndege, na uzito wake haukuzidi sana wa bata mzinga mkubwa. Wenzake wakamcheka. Mwalimu akamwambia redioni wamesema vingine. Sasa nakuuliza wewe uliyesema: kati yako na mwanangu, nani kasema kweli?"

Nilimwomba anipe muda. Nikaenda kusoma, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kufungua kinywa. Jibu, ndugu msikilizaji, ni kwamba binti yule alisema kweli, na mimi nilikosea mara tatu ndani ya sentensi moja. Nilikosea kimo, nilikosea ngozi, na nilikosea kazi ya ukucha. Nilipofuatilia makosa hayo yalikotoka, nikakuta historia ndefu ya wataalamu walionizidi elimu kwa mbali na bado wakakosea, pamoja na wachache waliokuwa tayari kusahihishwa. Historia hiyo ndiyo mada yetu ya leo.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Kwa wengi wetu, na hasa ndugu zetu wa Lindi, neno dinosaria hutukumbusha yale majitu ya Tendaguru ambayo Wajerumani waliyachimba kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wetu hadi bandarini Lindi. Mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, mwenye shingo ndefu, akizidi mita 13 kwenda juu. Huyo alikula majani. Wanyama ninaowazungumzia leo ni wa ukoo mwingine kabisa. Wataalamu huwaita dromeosauri. Walitembea kwa miguu miwili, walikula nyama, mikono yao ilikuwa mirefu, na katika kila mguu kidole cha pili kilibeba ukucha mkubwa uliopinda kama mundu. Walipotembea, ukucha huo waliuinua juu usiguse ardhi, ili usije ukawa butu. Mguu ulikanyaga kwa vidole viwili tu vilivyobaki.

Wa kwanza kupatikana alitoka Kanada. Mwaka 1914 mchimbaji hodari wa mifupa, Barnum Brown, aliokota fuvu na vifupa vichache vya mguu kando ya mto Red Deer katika jimbo la Alberta. Mwaka 1922 yeye na mwenzake William Diller Matthew wakampa jina Dromaeosaurus, na jina la ukoo mzima likatokana na huyo. Lakini mifupa ilikuwa michache mno, na hakuna aliyetambua umuhimu wake.

Mwaka uliofuata, 1923, msafara wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, wenye makao yake New York, ulikuwa katika jangwa la Gobi nchini Mongolia. Kiongozi wake alikuwa Roy Chapman Andrews. Walisafiri kwa magari, na ngamia wakawabebea petroli na chakula. Mahali penye majabali mekundu ambayo wakati wa machweo huonekana kama yanawaka moto, mmoja wa wachimbaji, Peter Kaisen, alipata fuvu lililopondeka na kando yake ukucha uliopinda. Mkuu wa makumbusho, Henry Fairfield Osborn, alivitangaza mwaka 1924 na kumpa mnyama jina Velociraptor, yaani mnyakuzi mwenye kasi.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia. Osborn aliuona ule ukucha, akadhani ni wa mkononi. Silaha kubwa ya mnyama ilikuwa mezani mbele yake, naye akaihamisha kutoka mguuni kwenda kwenye kiganja. Simlaumu sana, kwa kuwa alikuwa na fuvu na ukucha tu, na mguu wenyewe hakuwa nao. Lakini kosa lake lilikaa kitabuni kwa miaka mingi bila mtu wa kulihoji.

Mwaka 1931 yule yule Barnum Brown, akichimba katika jimbo la Montana, Marekani, alipata mifupa ya mnyama mwingine wa ukoo huu, mkubwa zaidi. Lakini akili yake ilikuwa kwa dinosaria mla majani aliyekuwa akimchimba mahali hapo hapo. Huyu mwingine akampa jina la muda tu, akamwandikia maelezo machache asiyoyachapisha, na mifupa ikapelekwa makumbusho ikasahaulika. Fikiria, msikilizaji, mifupa ambayo ingebadilisha elimu nzima ya wanyama wa kale ililala makabatini zaidi ya miaka 30.

Na kwa nini hakuna aliyeikimbilia? Kwa sababu kila mtu alidhani anajua tayari. Picha ya dinosaria iliyokuwa vichwani mwa watu wakati huo ilikuwa ya jitu zito, la damu baridi, lenye akili finyu, likijikokota matopeni na kuburuta mkia. Waliotoweka walionekana kuwa walistahili kutoweka. Kijana aliyetaka kuwa mtaalamu mwenye jina alishauriwa kuchunguza wanyama wengine.

Sasa tufike mwishoni mwa Agosti 1964. Profesa John Ostrom wa Chuo Kikuu cha Yale alikuwa Montana, karibu na mji mdogo wa Bridger, pamoja na msaidizi wake Grant Meyer. Msimu wa kuchimba ulikuwa unakwisha. Wawili hao walikuwa wakitembea tu kukagua mahali pa kuchimba mwaka utakaofuata, na vifaa hawakuvibeba. Kwenye mteremko wakaona kitu kimechomoza udongoni, mkono wenye kucha. Kwa jinsi walivyoukimbilia, nusura wabingirike. Walichimba kwa vidole na visu vya mfukoni hadi jua likazama. Kesho yake walirudi na vifaa, na wakaufikia mguu. Katika mguu ule, ukucha mkubwa wa mundu ulikuwa bado umeshikamana na kidole chake. Utata ukaisha. Ukucha ulikuwa wa mguuni.

Misimu iliyofuata walitoa mifupa zaidi ya 1,000, ya wanyama wasiopungua watatu. Mwaka 1969 Ostrom akamtangaza mnyama huyo kwa jina Deinonychus, maana yake ukucha wa kutisha. Urefu wake ulizidi mita 3 kutoka pua hadi ncha ya mkia, na aliishi miaka kama milioni 110 iliyopita. Mfupa wa ukucha wake, ukiupima kwa kufuata mzingo wa nje, ni kama sentimita 12, na alipokuwa hai ulivikwa ala ya ukucha iliyouongezea urefu.

Lakini Ostrom hakuishia kwenye kupima. Alijiuliza swali ambalo hata mchinja nyama wa Vingunguti angejiuliza: mnyama mwenye chombo kama hiki alikitumiaje? Ili ukucha wa mguuni umpate adui, mnyama lazima ainue mguu huo, asimame kwa mguu mmoja au aruke. Mnyama mzito anayejikokota hawezi kufanya hivyo, angeanguka. Akautazama mkia, akakuta umeimarishwa kwa vijiti virefu vya mfupa, umenyooka kama ufito ambao mtu anayetembea juu ya kamba huushika ili asianguke. Huyu alikuwa mkimbiaji, mwepesi, mwenye kujimudu. Mwanafunzi wake, Robert Bakker, alimchora akiwa mbioni, mkia umenyooka nyuma, na mchoro huo ukatoka pamoja na taarifa ya 1969. Yule dinosaria mvivu wa vitabuni alianza kufa siku hiyo.

Hapo likazuka swali la pili, lililo kubwa zaidi. Ostrom alipoutazama mkono wa Deinonychus, alikuta mfupa wa kifundo wenye umbo la nusu mwezi. Mfupa huo humwezesha mnyama kuukunja mkono ubavuni, kama kuku anavyokunja bawa. Alikuwa ameuona wapi tena? Kwa Archaeopteryx, yule ndege wa kale wa Ujerumani aliyejulikana tangu mwaka 1861, mwenye manyoya ya ndege na meno ya mjusi.

Wazo kwamba ndege wana udugu na dinosaria halikuwa jipya. Mwingereza Thomas Henry Huxley alilitetea katika karne ya 19. Lililizima ni hoja moja ya Gerhard Heilmann wa Denmark, ambaye kitabu chake juu ya asili ya ndege kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1926. Kila aliyekula kuku anaujua ule mfupa mwembamba wa kidarini wenye panda kama ya manati. Huo ni mifupa miwili ya mtulinga iliyoungana. Heilmann aliona kwamba dinosaria wanafanana na ndege kwa mambo mengi, lakini, akasema, dinosaria hawana mitulinga. Kiungo kilichokwisha kupotea hakirudi. Basi ndege hawakutokana nao. Watu wakakubali, kesi ikafungwa kwa karibu miaka 50.

Na kichekesho ni hiki. Mwaka 1924, miaka miwili kabla ya kitabu hicho, katika taarifa ile ile iliyomtangaza Velociraptor, Osborn alimtangaza pia dinosaria mwingine wa Gobi aitwaye Oviraptor. Mfupa wa panda ulikuwepo kwa mnyama huyo, ila Osborn aliutambua kuwa mfupa mwingine. Ushahidi ulikuwa umechapishwa, umechorwa, na hakuna aliyeusoma sawasawa. Kwa Velociraptor mwenyewe mfupa huo ulikuja kutangazwa mwaka 1997.

Nataka nisimame kidogo kwenye tukio moja la mwaka 1970, kwa sababu lilinigusa kama mtu ninayekula kwa kusema. Ostrom alikuwa Uholanzi, katika makumbusho ya Teylers mjini Haarlem, akichunguza visukuku vya wale reptilia wa kale waliopaa kwa mabawa ya ngozi. Akaletewa jiwe lililochimbwa Ujerumani mwaka 1855 na kuandikwa kuwa la mmoja wa reptilia hao. Alipoligeuza kwenye mwanga akaona alama hafifu za manyoya. Hakuwa reptilia wa mabawa ya ngozi. Aliona ni Archaeopteryx, mali adimu kuliko dhahabu, iliyokaa makumbusho zaidi ya miaka 100 ikiwa na jina lisilo lake.

Sasa afanyeje? Akinyamaza, ataazimwa jiwe aende nalo Yale alichunguze kwa raha zake. Akisema, huenda wakalifungia kabatini asilione tena. Alisema. Mhifadhi akalichukua jiwe, akatoka nalo, na Ostrom akabaki akijilaumu. Punde mhifadhi akarudi na jiwe lile ndani ya boksi la viatu lililofungwa kwa kamba, akamkabidhi aende nalo.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2017 wataalamu wawili walilichunguza upya jiwe hilo, wakaona si Archaeopteryx bali ni dinosaria mwingine mwenye manyoya, jamaa wa wale waliopatikana China. Wakampa jina Ostromia, kwa heshima ya profesa yule yule waliyekuwa wakimsahihisha. Sisi katika kazi yetu tukisahihishwa hununa. Wenzetu wanaweza kumsahihisha mtu na kumtukuza kwa neno moja.

Kuanzia 1973 Ostrom akaandika wazi kwamba ndege ni uzao wa dinosaria wadogo wala nyama. Wengi hawakumkubali. Walimwambia: kama ni hivyo, manyoya yako wapi? Hatuoni hata unyoya mmoja kwa dinosaria wako. Naye jibu la kuonyesha kwa mkono hakuwa nalo. Alingoja zaidi ya miaka 20.

Katika miaka hiyo ya kungoja ndipo ilipokuja ile sinema. Mwandishi Michael Crichton alitoa riwaya yake mwaka 1990. Mnyama aliyemwelezea ni Deinonychus wa Ostrom, lakini jina alilolichukua ni la Velociraptor, kwani kitabu kimoja cha Gregory Paul cha mwaka 1988 kiliwaweka wanyama hao wawili chini ya jina hilo moja. Kisha watengeneza sinema wakamkuza zaidi ili aogopeshe. Ndiyo sababu mimi niliwaambia mna mnyama wa kimo cha mtu. Velociraptor wa kweli alikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu hadi mbili, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Uzito wake ulikuwa kilo 15 hadi 20 hivi. Angefika kiunoni kwako. Ni kweli kwamba mwaka ule ule wa sinema, 1993, huko Utah alitangazwa jamaa yao mkubwa aitwaye Utahraptor, mwenye uzito wa mamia ya kilo na ukucha uliozidi sentimita 20. Lakini huyo ni mwingine, na jina lake ni lingine.

Kuhusu magamba, watengeneza sinema wana utetezi. Mwaka 1993 hakuna aliyekuwa ameona dinosaria mwenye manyoya. Mimi niliyesema mwaka huu utetezi huo sina.

Maana mwaka 1996 manyoya yalipatikana. Mkulima mmoja katika jimbo la Liaoning, kaskazini mashariki mwa China, alipata jiwe lenye dinosaria mdogo ambaye mgongoni, kutoka kichwani hadi mkiani, alikuwa na ukingo wa nyuzi laini kama za kifaranga. Oktoba mwaka huo Mchina Chen Pei-ji alifika katika mkutano wa wataalamu mjini New York akiwa na picha zake. Ostrom alikuwepo, mzee wa miaka 68. Alipoonyeshwa picha alitetemeka, ikabidi aketi. Mwaka uliofuata alisafiri hadi China kuliona jiwe kwa macho yake. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 77, na wakati huo waliompinga walikuwa wamebaki wachache.

Baada ya hapo China ilifululiza. Mwaka 1999 Xu Xing na wenzake walimtangaza Sinornithosaurus, wa kwanza katika ukoo wenyewe wa ukucha wa mundu kupatikana na manyoya. Mwaka 2000 akaja Microraptor, mdogo kama kunguru, na mwaka 2003 vikatangazwa visukuku vinavyoonyesha kwamba jamaa huyo alikuwa na manyoya marefu mikononi na miguuni, kama mtu mwenye mabawa manne.

Lakini palipo na soko hapakosi tapeli. Kule Liaoning mawe haya yaligeuka fedha. Jiwe moja liliuzwa Marekani kwa dola 80,000, na mwaka 1999 jarida maarufu la National Geographic likalitangaza kama kiungo kati ya dinosaria na ndege: kiwiliwili cha ndege, mkia wa dinosaria. Xu Xing hakuridhika. Kisukuku cha aina hii hukaa kati ya tabaka mbili za jiwe, na jiwe likipasuka unapata vipande viwili vinavyolingana kama kiganja na kiganja. Alitafuta China, akapata kipande cha pili cha mkia ule. Kilikuwa kimeshikamana na mwili mwingine kabisa. Kumbe jiwe la dola 80,000 lilikuwa limegundishwa kwa gundi kutoka wanyama zaidi ya mmoja. Jarida likakiri kosa lake hadharani. Na mkia ule? Ulikuwa wa Microraptor. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata uongo huo ulificha ndani yake mnyama wa kweli.

Alibaki Velociraptor mwenyewe. Mchanga wa Gobi hauhifadhi manyoya kama matope laini ya Liaoning, hivyo unyoya wake haujaonekana. Lakini mchukue kuku au bata ukamtazame mfupa wa mkono, ule unaoanzia kwenye kiwiko. Ndege wengi wana vinundu vidogo vilivyopangwa mstari kwenye mfupa huo, mahali manyoya makubwa ya bawa yanaposhikizwa. Mwaka 2007 wataalamu watatu, Alan Turner, Peter Makovicky na Mark Norell, walitangaza kwamba mfupa wa mkono wa Velociraptor aliyechimbwa Mongolia mwaka 1998 una vinundu hivyo sita. Kesi ikaisha. Alikuwa na manyoya, ijapokuwa kwa uzito ule na mikono ile hakuweza kuruka. Huenda yalimsaidia kuhifadhi joto, kujionyesha kwa wenzake, au kufunika mayai.

Limebaki kosa langu la tatu, kazi ya ukucha. Hata Ostrom aliamini ulikuwa wa kupasulia. Mwaka 2005 wataalamu wa Uingereza walitengeneza mguu wa mashine wenye ukucha wa namna hiyo na kuupiga kwenye nyama ya nguruwe. Ukucha ulitoboa, lakini haukupasua, kwa kuwa upande wake wa ndani hauna makali kama ya kisu. Mwaka 2011 wengine wakaulinganisha mguu huo na miguu ya mwewe na tai, wakaona unafanana na wa ndege hao wanaolikandamiza windo chini kwa kucha huku wakiwa wamelikalia juu, wakilila lingali likifurukuta.

Na kuna ushahidi mmoja unaozidi mashine zote. Agosti 1971, msafara wa Poland na Mongolia ulipata huko Gobi wanyama wawili waliokufa wakipigana. Mmoja ni Velociraptor. Wa pili ni Protoceratops, mla majani wa ukubwa wa nguruwe, mwenye mdomo kama wa kasuku. Mla majani ameung'ata mkono wa adui yake. Velociraptor amelala chini, na ukucha wake wa mundu umeelekezwa shingoni, si tumboni. Huenda kilima cha mchanga kiliwaporomokea wakiwa katika hali hiyo, na hawakuachana kwa zaidi ya miaka milioni 70.

Nitahadharishe jambo moja nisije nikapigiwa simu nyingine. Sisemi kwamba Velociraptor ndiye babu wa kuku. Archaeopteryx aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na Velociraptor kama milioni 75 tu. Huwezi kuwa babu wa mtu aliyekutangulia. Wanyama wa ukucha wa mundu ni binamu wa ndege, wamechangia babu mmoja. Binamu hao wametoweka. Ndege wamebaki, na mmoja wao pengine anachakura uani kwako muda huu. Mtazame miguu anapotembea.

Baada ya kusoma yote hayo nilimpigia simu yule mzazi, nikamwomba nizungumze na binti yake. Akaja simuni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni yule mtangazaji. Ulilolisema darasani lilikuwa sahihi. Nimekosea mimi, nisamehe."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Utalisema redioni?"

Nikamwuliza alijuaje habari zile. Akasema shangazi yake alimletea kitabu, akakisoma mara mbili. Mimi nilikuwa na sinema niliyoiona nikiwa mtoto, naye alikuwa na kitabu. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Lakini mimi nilikuwa na kipaza sauti na yeye hakuwa nacho, kwa hiyo darasa zima likaniamini mimi.

Basi nimelisema redioni, kama alivyotaka. Na kama mwalimu wake ananisikiliza, au atakuja kuyasoma haya gazetini, ninamwomba kwa heshima zote: lile neno "redioni wamesema" alifute, lawama anipe mimi, na binti yule aambiwe mbele ya wenzake wale wale waliomcheka kwamba alikuwa sahihi.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.